Mkono wa Mwenye Boma

Kigen alijibanza nyuma ya rafu za ghala, mjini Mesquite, Texas, glavu moja ikiwa mdomoni, akatazama ng'ombe wake kwenye simu ya video. Walikuwa wamebaki mifupa na masikio. Huko Baringo mvua ilikuwa imegoma tangu mwaka jana, na majani machache yaliyosalia yalikuwa juu ya miti, wanakofika mbuzi tu.

“Lori la serikali linakuja Alhamisi kununua ng'ombe wa ukame,” alisema Cheboi, mdogo wake. “Tuuze nusu, bro. Hao wengine watapata angalau kitu cha kutafuna. Mama abaki na wa kukamua.”

“Si uuze basi!”

“Baba mdogo amekataa.”

Uso wa baba mdogo, Mzee Yatich, ukajaa kwenye kioo cha simu. Katika ukoo wao, ng'ombe hatoki bomani kwenda kuuzwa kabla mwenye boma hajamwekea mkono mgongoni. Baba alipofariki, boma liliangukia kwa Kigen, kifungua mimba, naye alikuwa tayari Texas. Tangu siku hiyo hakuna ng'ombe aliyetoka. Kundi lilizidi kuongezeka, maziwa yakizidi kupungua, na majirani wakamwita tajiri.

“Baba mdogo, nimeruhusu. Nasema Mama akisikia.”

“Maneno nimeyasikia. Mkono uko wapi?”

“Uko Amerika.”

“Basi uje nao.”

Aje nao vipi? Visa yake ya masomo ilishakwisha, na ombi lake la hifadhi lilikuwa limelala ofisini Dallas, halikataliwi wala halikubaliwi. Wakili alimwambia waziwazi: ukitoka, umetoka. Kigen aliwachukia wote kwa pamoja, wakili, mzee na jua, kisha akaona aibu kwa kumchukia mzee.

“Simu tena?” Dedan, msimamizi wa zamu, mtu wa Nyeri, alikuwa amesimama nyuma yake. “Bro, mimi naku-cover. Lakini na hizo papers zako, nani mwingine atakupa job? Rudi kwa line.”

“Sawa, boss.”

Asubuhi ya Alhamisi, zamu ikianza Mesquite, jua lilikuwa likishuka Baringo. Simu ikaita. Usiku uliopita ng'ombe kadhaa walikuwa wamekufa, na sauti ya Mzee Yatich ilikuwa imepoa.

“Mwekeeni huyu ng'ombe simu mgongoni,” alisema. “Tutasema ni mkono.”

Kioo kikawa giza. Kigen alisikia manyoya yakisugua simu.

“Nimekuruhusu,” akaliambia lile giza, kwa sauti, katikati ya ghala. “Nenda.”

“Mwinueni,” ilisema sauti ngeni, ya dereva wa lori. Wanaume wakaguna kwa pamoja. “Tena. Vuteni mkia. Aa, huyu hasimami. Serikali hainunui ng'ombe wa kubebwa. Wengine?”

“Wako hivyo hivyo,” alisema Cheboi.

“Mngeniita mwezi uliopita.”

Mlango wa lori ukafungwa, injini ikanguruma na kupotea. Kwa mbali Mama alianza kulia. Hakuna aliyekumbuka kuichukua simu, iliyobaki pale kwa ng'ombe.

“Kigen! Line!” aliita Dedan.

Aliibana simu kati ya sikio na bega, akaanza kusukuma katoni. Pumzi ya ng'ombe ilisikika, ikakawia, ikasikika tena. Akaendelea kusukuma, akisubiri nyingine.