Barua Iliyorudi na Lakiri Yake

Nyumbani kwetu Dobrinau tulikula kwa Kifaransa, tukawafokea farasi kwa Kijerumani, na tukalia kwa Kiwendi. Hilo la mwisho Mama hakulijua. Kiwendi kilikuwa lugha ya yaya na ya wakulima, na Mama hakuja chumba cha watoto kabla ya saa tano asubuhi, muda ambao tulikuwa tumekwisha kulia na kunyamaza.

Yaya wetu aliitwa Worsha. Alininyonyesha mimi, Erdmann, na miaka miwili baadaye akamnyonyesha dada yangu Ottilie, ambaye yeye alimwita Tila. Supu ya mezani ilitufikia baridi, kwa sababu jiko lilikuwa ng'ambo ya ua na bakuli lilipita mikono minane kabla ya kutua mbele yetu. Tulishiba kwa Worsha. Alitupa viazi na maziwa ya mgando yaliyomiminiwa mafuta ya kitani, tukala kwa vidole, na kila tulipokosea neno la Kiwendi alitupiga kijiko cha mbao kwenye goti.

Baba alikufa majira ya vuli, nikawa mtawala nikiwa na miaka kumi na tisa. Nchi yangu, mtu akitoka asubuhi na farasi mzuri, anaivuka yote kabla ya chakula cha mchana. Januari ikaja posa. Mfalme wa Kaskazini alimtaka Tila kwa mwanawe. Mfalme huyo ni kaka yake Mama, tumbo moja, kwa hiyo ni mjomba wangu. Sijawahi kumwona.

Tila alinijia nikiwa naandika.

"Kaka, nitakwenda," alisema. "Sina ubishi. Nina ombi moja tu."

"Sema."

"Yaya aje nami. Mengine yote wachukue."

Kuchukua, walikuwa wanachukua kweli. Bibi harusi wa nyumba ile hapokelewi na kitu cha kwao. Mpakani hujengwa nyumba ya mbao yenye milango miwili. Anaingia kwa mlango wa kwao amevaa vya kwao, anavuliwa mpaka shimizi, anavikwa vya kule, anatokea mlango wa pili. Watu wake hubaki upande huu. Mama alipita katika nyumba kama hiyo miaka ishirini na miwili iliyopita, akija kwetu. Ila mfalme anaweza kuongeza jina moja kwa mkono wake kwenye orodha ya wanaovuka, mtawala mwenzake akimwomba kwa barua.

Niliiandika barua hiyo mwenyewe. Kifaransa cha mashairi nilijifunza peke yangu, bila mwalimu, na sikuona karani wa kunisaidia. Niliandika beti kumi na mbili. Kwa lugha yetu hii, mistari miwili ya katikati ingesema hivi:

Mwenye taji nakuomba, usimnyime mlezi,
Mche ukihama shamba, hung'olewa na mizizi.

Nilimsomea Tila. Alisikiliza huku amefumba macho.

"Nzuri," alisema. "Kifaransa chako kinatoka jasho, kaka, lakini nzuri."

Mkuu wangu wa itifaki, mzee von Kallwitz, hakusoma beti. Alisoma mstari wa juu tu, kisha akavua miwani.

"Mtukufu, umeandika 'Bwana na Ndugu yangu'."

"Nimeandika."

"Ndugu ni neno la mfalme kwa mfalme. Wewe utaandika 'Binamu'."

"Ni kaka wa mama yangu, Kallwitz."

"Mezani ni mjomba wako. Kwenye karatasi ni binamu."

"Na mimi kwenye karatasi ni nani?"

"Ni mtu mwenye askari arobaini," alisema. "Na wanne kati yao ni wapiga tarumbeta."

Nilicheka, lakini neno lile liliniingia. Baba yangu aliitwa binamu maisha yake yote na watu wasiomjua hata sura. Nilijiambia kwamba mtu anayeandika beti kama zile haombi akiwa amepiga magoti. Nililiacha 'Ndugu' lilivyo, nikalirudia nje kwenye anwani, nikapiga lakiri nyekundu, nikamkabidhi tarishi. Ilikuwa Februari. Jibu halikuja, na mimi nikasema wakubwa hawana haraka.

Aprili tulikwenda mpakani. Garini Mama alikaa mkabala na Tila, akazungumza mara moja tu njia nzima.

"Wataanza na soksi," alisema kwa Kifaransa. "Usiziangalie zikitoka. Angalia dirisha."

"Kisha?"

"Kisha inakuwa rahisi. Baada ya mwaka hutatamani kitu."

Kwenye gari la nyuma alikaa Worsha na furushi lake, amevaa sketi nyekundu na kile kitambaa kikubwa cha kichwani wanachovaa wanawake wa Kiwendi siku ya sherehe. Alikuwa ameaga kijiji kizima. Mbuzi wake alimpa dada yake.

Nyumba ya mbao ilinuka utomvu. Mbao zilikuwa mbichi bado. Katikati palikuwa na meza ndefu, nusu upande wetu, nusu upande wao, na nyuma ya meza alisimama Bibi Stenfalk, mwanamke mrefu aliyetumwa na mfalme kumpokea bibi harusi. Aliniinamia kadiri ilivyotakiwa, kisha akanisogezea sinia la fedha. Juu yake ilikuwa barua yangu. Lakiri nyekundu ilikuwa nzima.

"Ilifika, Mtukufu," alisema, "lakini haikuweza kupokelewa. Anwani yake haimhusu mfalme wetu. Tumeirudisha mkononi, isije ikasemwa tumeitupa."

"Hajaisoma?"

"Hakuna aliyeisoma."

"Basi nakuomba wewe. Ni mwanamke mmoja tu, mzee, na furushi."

"Orodha anaibadilisha mfalme peke yake. Yuko mwendo wa siku tano. Mlango wa pili unafunguliwa saa tano."

Ilikuwa saa tano kasorobo. Niligeuka. Tila alikuwa ameiona lakiri. Aliniangalia kidogo tu, kama anavyoangaliwa mtu aliyesimama kwenye njia yako, kisha akaniuliza kwa Kiwendi, mbele ya watu wote:

"Nani atamwambia?"

"Mimi," nilisema.

Akaingia nyuma ya pazia. Nilisikia vitambaa vikianguka. Sikuhisi chochote. Nilihesabu mafundo kwenye ubao ulio mbele yangu, yalikuwa kumi na saba. Alipotoka alikuwa amevaa bluu, nywele zimefungwa namna nyingine, na mlango wa pili ulikuwa wazi tayari. Alitembea vizuri.

Nje nilimwambia Worsha. Aliuliza kama ni kesho basi. Nikasema si kesho. Akapanda gari lile lile, furushi mapajani.

Barua ya kwanza ya Tila ilikuja Septemba. Ilikuwa ya Kifaransa, kwa mwandiko wa karani, na saini yake chini. Ilianza: 'Bwana na Binamu yangu.' Ilisema mvua ni nyingi na afya yake ni njema.

Usiku huo sikulala wala sikuhuzunika. Asubuhi niliketi nikamwandikia mfalme. 'Bwana na Binamu yangu,' niliandika, na mkono haukusita. Sikuweka beti. Niliomba yaya aruhusiwe kwenda, mistari mitatu, basi. Von Kallwitz aliisoma yote, akanirudishia bila kuvua miwani.

Mara hii jibu lilikuja haraka. Mjomba wangu aliandika kwa mkono wake kwamba jambo dogo kama hilo ningemwomba kabla ya harusi, kwa kuwa yeye hawezi kumnyima mtoto wa dada yake. Aende tu. Kilichobaki ni idhini ya binti mfalme mwenyewe, yaani Tila, maana yaya atahesabiwa katika watu wa nyumba yake.

Worsha alifunga tena furushi. Aliniuliza mara mbili kwa siku kama idhini imefika.

Novemba ikafika idhini, au kilichokuwa mahali pake. Mwandiko safari hii ulikuwa wa Tila mwenyewe. 'Bwana na Binamu yangu, nakushukuru kwa wema wako. Si lazima tena. Yaya asisumbuliwe na safari.' Niliigeuza nyuma nikitafuta neno la Kiwendi, hata moja, hata pembeni. Hapakuwa na kitu. Mama, aliyekuwa akishona karibu na dirisha, hakuuliza imesemaje.

"Ni mwaka?" alisema.

"Miezi saba."

"Amewahi," alisema Mama, akakata uzi.

Nilishuka uani hadi kwa Worsha. Alikuwa kwenye benchi karibu na jiko la vigae, kitambaa kikubwa kichwani. Nilimwambia kwa Kiwendi, neno kwa neno, na nilipokosea moja hakunipiga kijiko.

"Kayaandika kwa lugha gani?" aliuliza.

"Kifaransa."

"Basi hajasema," alisema Worsha. "Tutangoja aseme."

Hakulifungua furushi. Nilikaa naye mpaka kengele ya chakula ikalia, kisha nikapanda kwenda mezani. Supu ilikuwa baridi. Nikainywa yote.