Amri Iliyopiga Hodi

Jumatatu saa tatu asubuhi, Ulfat binti Kheir alifuta vumbi kwenye kompyuta yake, katika ofisi ya ghorofani Shangani, akaandika amri ya mistari tisa. Ofisi ile ilitunza programu za daftari la nyumba. Kila mji ulikuwa na ghala lake la programu, na maghala yalikuwa ishirini na tatu. Mkuu wake, Bwana Talal, alitaka nafasi ya jina la pili la mwenye nyumba iondolewe kote kwa mpigo mmoja.

"Nyumba moja, jina moja," alisema. "Wanaume wanalalamika. Kila wakitaka kuuza, watafute saini ya mke."

"Na nyumba ikiwa ya mke, tangu kwa mamaake?"

"Wewe andika, Ulfat. Huwezi, Suhail wa meza ya pili yupo, na vidole vyake havina maswali."

Nyumba ya kwao Mkokotoni, Bi Wanu, mamaake Ulfat, aliirithi kwa mamaake. Daftarini jina la baba lilitangulia, kwa kuwa ndiye aliyekwenda ofisini siku ya kuiandikisha. La Bi Wanu likafuata. Sasa baba kashapata mnunuzi. Kinachomzuia ni lile jina la pili tu.

Kwa hiyo Ulfat aliiandika amri kwa adabu aliyolelewa nayo: kabla ya kuingia ghalani ipige hodi mara tatu, na isipoitikiwa irudi zake. Ndani ya ghala la programu hakai mtu. Nani ataitika? Akaituma.

Kitendawili: wametoka pamoja, wanafika mbalimbali, wala hakuna anayemngoja mwenzake. Ndivyo amri ile ilivyokwenda. Kizimkazi ilijibu kabla ya Bububu. "Nimekaribishwa," kioo cha kompyuta kiliandika. "Nimeondoa." Kisha Makunduchi. Kisha Ng'ambo.

Hodi zilikuwa zikisikika majumbani. Sauti ya kike, ya upole, na mlangoni hapana mtu. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakaitika karibu, kama siku zote, na majina yao yakatoka: daftarini kwanza, halafu kwenye kadi za kliniki, halafu vinywani mwa waume zao. Mchele uliendelea kuchambuliwa.

Mkokotoni ilikuwa bado, na amri iliyokwishatoka haiitwi ikarudi. Ulfat akapiga simu.

"Shikamoo mama. Mtu akipiga hodi hapo leo, usiitike."

"Marahaba. Nisiitike? Mtu kasimama juani nimnyamazie, kwani kaniibia kuku? Ndiyo elimu ya mjini hiyo?"

"Mama, nnakuomba."

"Hebu ngoja, kuna mtu mlangoni. Sauti kama yako. Karibu, mwanangu, pita ndani."

Kioo kikaandika jibu la ishirini na tatu. Bwana Talal alipita nyuma yake, akasoma. "Hata moja halikugoma," alisema, akaenda kunywa chai.

Alasiri Ulfat alikwenda Mkokotoni. Mnunuzi alikuwa akipima madirisha kwa futi kamba. Mamaake alikuwa jikoni, akifunga vyombo ndani ya shuka.

"Nlidhani ni wewe," alisema.

"Alikuwa ni mimi, mama."

Mzee Kheir akaja akasimama mlangoni. Miaka thelathini na minne wameoana. Alifungua kinywa kumwita mkewe, akatafuta, akakosa.

"We bibi," alisema mwishowe, "funguo za chumba cha uani ziko wapi?"

Mama akazifungua kutoka pindo la kanga yake, akampa.