Pande Mbili Wazi

Mume wangu alikuwa kinyozi, na kwa miaka yote aliyoshika wembe shingoni mwa watu hakuna aliyetoka na mkwaruzo. Kwa hiyo mikono ilipoanza kumtetemeka, aliona haya kana kwamba ameiba. Kwanza alifunga duka. Kisha akaacha kula na wageni, halafu akaacha kula hata na binti yetu Eunju na mumewe. Sikukuu ya mavuno, familia nzima tuko mezani, yeye alibaki chumbani akidai tumbo limejaa. Mwishowe akaacha kutoka nje kabisa. Daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba asipotembea na kuota jua, miguu nayo itamwacha, na akishalala kitandani ndiyo basi.

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilimwambia, "Baba Eunju, mficha maradhi kifo humuumbua. Kesho tunakwenda kula mtoni."

"Nenda wewe."

"Niende nikale peke yangu kama mjane?"

"Nitakwenda, lakini nitakula ndani ya hema. Na hema lifungwe."

"Litafungwa."

"Pande zote, Mama Eunju."

"Pande zote! Unataka na kufuli?"

Basi tukaenda Yeouido, kwenye bustani ya kando ya mto. Miti ya cheri ilikuwa imechanua, na Seoul yote ilikuwa kwenye nyasi. Mkeka umegusana na mkeka, viatu vimepangwa pembeni, na kule getini vijana wa pikipiki walikuwa wakiita watu waje wachukue kuku wao wa kukaanga. Nilipata nafasi katikati. Hema letu ni la aina ile ya kurusha tu likajifungua lenyewe. Kulikunja ni kesi nyingine. Tukavua viatu nje kama kila mtu, tukaingia, nikavuta zipu zote.

Nilikuwa nimechukua tambi za moto kwenye mashine ya duka la bustanini, na kimbap nilizozikunja mwenyewe alfajiri, wali ndani ya mwani. Humo ndani joto lilikuwa la tanuri. Alishika vijiti, tambi zikaanza kucheza, mchuzi ukamdondokea suruali. Lakini hakuna aliyemwona, na alikuwa anakula. Mimi nilitazama dari, maana ndivyo anavyotaka.

"Nyinyi vijana! Fungueni pande mbili sasa hivi!"

Ilikuwa sauti ya mkaguzi wa bustani. Kule mtoni hema lazima liwe wazi pande mbili, na sababu yake ni hao vijana na mambo yao. Sheria hiyo niliijua vizuri, ila nilijipa moyo kwamba siku ya kazi hakuna atakayehangaika nasi.

"Mchana kweupe, jamani!" akaendelea. "Hapa kuna watoto! Na msijifanye hampo, viatu vyenu nimeviona."

Viatu vyenyewe! Vyangu vilikuwa vya waridi, mjukuu wangu alivichoka akanipa. Vya mume wangu vilikuwa vya michezo, vyenye soli za kijani, zawadi ya mkwe. Yeyote ambaye angevisoma viatu vile angeona binti wa miaka ishirini na mchumba wake. Mikeka ya jirani ilianza kucheka. Mama mmoja akasema, "Waache, masikini, wamependana."

Nilivuta zipu nikatoa kichwa changu cheupe. "Kijana, mume wangu ana miaka sabini na minane. Ukimwona anafanya hayo unayoyafikiria, niite na mimi nije nione."

Watu walivunjika mbavu. Mkaguzi, mwanamume wa makamo mwenye kizibao cha manjano, aliiva kama pilipili. Aliinama mpaka kofia ikamdondoka. "Nisamehe, bibi. Nisamehe sana. Viatu vimenidanganya."

Nyuma yangu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu duka lifungwe. Mume wangu alikuwa anacheka.

Kisha mkaguzi akakohoa kidogo, akasema kwamba hata hivyo, pande mbili lazima zifunguliwe. Kicheko kikakatika.

"Turudi nyumbani," mume wangu akasema. "Na mimi huku siji tena."

Huyu mtu namjua. Akisema haji, haji. Nilitoka, nikavaa viatu vyangu vya waridi, nikamvuta mkaguzi kando. "Mikono inamtetemeka," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Anaona aibu kula mbele za watu. Akirudi nyumbani leo hatatoka tena. Sasa amua wewe."

Alilitazama hema, akawatazama watu. "Bibi, sheria ni msumeno. Nikiwaachia nyinyi, wale pale watafunga la kwao kabla sijageuka." Akajikuna kisogo. "Lakini sheria inasema pande mbili. Haikusema zipi."

Akatuongoza hadi kwenye ngazi za ukingoni. Nakumbuka ukingo huo ulipokuwa zege tupu lililosimama wima. Mtu alikuja akauangalia mto kwa mbali, akaondoka. Baadaye walikuja mafundi wakaubomoa, wakaweka ngazi pana zinazoshuka mpaka majini na kupanda matete ubavuni. Sijui ni nani aliyezichora ngazi zile, ila nina hakika alifikiria magoti ya wazee. Mume wangu alinishika bega akashuka zote bila kupumzika, na mkaguzi akatufuata akiwa amebeba hema kichwani, limefunguka hivyo hivyo, watu wakimpisha kama bibi harusi.

Akaliweka kwenye ngazi ya chini, mgongo kwa watu, upande mmoja wazi kwenye maji na mwingine kwenye matete. "Hapa babu ataonana na bata tu," akasema, akaenda zake.

Kweli bata alikuja. Mume wangu alikuwa kwenye tonge la pili pale boti la kukanyaga pedali lenye umbo la bata lilipojitokeza mbele yetu, na ndani yake wasichana wawili wasiojua kuliendesha, wanacheka hoi.

"Babu! Bibi! Hamjambo!" Wakatupungia.

Nikaganda. Mume wangu alikuwa amekamatwa mkono juu, tambi zinaning'inia. Nikajua yamekwisha. Akaweka vijiti chini, akautazama mkono wake, kisha akauinua akapunga. Ulitetemeka kama siku zote. Lakini mkono unaopunga hutikisika tu, na mikono ya wale wasichana ilitikisika kuushinda wake. Wakapungiana hadi bata akageuka.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Hawakujua."

"Hata mimi nisingejua."

Akamaliza tambi zote, akanywa na mchuzi. Kisha akasema, "Kuna joto humu. Huo upande wa nyuma nao ufunguliwe." Nilipotaka kuinuka akanizuia. "Acha. Nitafungua mwenyewe."

Zipu ilimsumbua. Ilikwama, akairudisha, ikakwama tena. Nilikalia mikono yangu nisije nikamsaidia. Kitambaa kilipoanguka, Yeouido yote ilikuwa nyuma yetu, watu na mikeka yao. Wachache walitutazama, wakarudi kwenye kuku wao. Nililia waziwazi, na wala sikujificha. Niliushukuru mto, nikamshukuru mchoraji wa ngazi popote alipo, nikawashukuru na wale wasichana kwa kutojua kuendesha.

Alasiri mkaguzi alipita kutujulia hali. "Babu, umeshiba?"

Mume wangu alichukua kipande cha kimbap kwa vijiti akamnyooshea, kumlisha mdomoni, kama tunavyomfanyia mtu wetu. Kikaanguka njiani, kikabiringika ngazini. Nikajiandaa kukiokota, lakini yeye alishachukua kingine. Nacho kilicheza hewani, na mikeka yote ya juu ilikuwa inatazama.

Mkaguzi akavua kofia, akapiga magoti kwenye ngazi, akafungua mdomo, akangoja.