Vifurushi vya Mama Mkwe

Mwanamume huyu aliogopa mambo mawili duniani: kuulizwa anafanya kazi gani, na mama mkwe wake. La kwanza lilishapata dawa. Siku hizi akiulizwa alijibu kwamba anasafirisha bidhaa ng'ambo, na watu waliitikia kwa heshima wakidhani ni makontena. Hakuna aliyejua kuwa shehena yake yote ilienea kwenye kopo la biskuti.

Shehena yenyewe ilikuwa kastabini, vile vikofia vidogo ambavyo fundi wa nguo huvaa kidoleni ili sindano isimchome. Zilikuwa mali ya mama mkwe. Mama huyo alishona nguo za watu tangu usichana wake, na kila alipoona kastabini asiyokuwa nayo hakutulia mpaka aipate. Alikuwa nazo za shaba, za fedha, za mfupa, na za kaure zilizochorwa kwa brashi nyembamba kama unywele. Wateja wengine walimlipa kwa kastabini badala ya hela, na wengine walijuta kumwonyesha walichokuwa nacho. Mgongo ulipogoma alifunga kibanda chake, akahamia kwa binti yake pamoja na kopo lake. Haukupita muda, ofisi ya mkwe nayo ikapunguza watu, na yeye akawa mmoja wa waliopunguzwa. Basi wakabaki wawili sebuleni kutwa kucha, mtu na mama mkwe wake, na gazeti moja wanalopokezana kwa adabu.

Wazo la biashara lilikuwa la mama mwenyewe. Asubuhi moja alilisukuma kopo hadi upande wa pili wa meza.

"Baba, si ulisema huko mitandaoni kuna watu wananunua kila takataka? Wauzie hizi."

Mkwe hakuamini, lakini hakuwa na kazi nyingine. Alitandika shuka jeupe karibu na dirisha, akazipiga picha moja moja, akaziweka mtandaoni. Kumbe duniani kuna watu wanaokusanya kastabini na kuzipanga kabatini kwa vioo na taa. Wakaanza kugombania ile ya mfupa, watu wa nchi ambazo yeye alizisikia kwenye mpira tu.

Kazi ikagawanywa. Yeye alipiga picha, alijibu maswali na kupeleka posta. Kufunga vifurushi kukawa kwa mama, kwa sababu siku mkwe alipojaribu kufunga mwenyewe, utepe wa gundi ulimnasa mkono pamoja na kitambaa cha meza, na mkewe aliporudi kutoka kazini alimkuta ameketi palepale, mpole, akisubiri kuokolewa.

Shida ilianzia hapo. Mama wa watu hakujua kufunga, alijua kushona. Kila kastabini aliitia kwenye kifuko cha kitambaa kizito, akakishona mdomo kwa uzi uliopakwa nta, mishono midogo iliyobanana kama meno ya kitana. Akimaliza, kifuko hicho kiliingia ndani ya kingine, nacho kikashonwa vilevile. Hakuacha fundo wala ncha ya uzi inayoonekana. Alikigonga mezani na kusema, "Hapa hata treni ipite."

Treni ingepita bila madhara, lakini na wateja nao hawakuweza kitu. Wa kwanza aliandika kwamba amejaribu kwa kikata kucha, akajaribu kwa kisu cha nyama, hatimaye akakipeleka kifurushi kwa jirani yake ambaye ni daktari wa meno. Kikafunguka, lakini nyota aliyotoa ilikuwa moja, tena ya kusukumwa. Wa pili alichukua makasi makubwa, akafungua kifuko na kuichubua kastabini ya fedha ubavuni kwa mkupuo mmoja. Huyo hakutoa nyota, alitoa maneno. Wenye mtandao wakamwandikia mkwe kwa upole wa watu wasiokujali: likija lalamiko jingine la ufungaji, duka lako tutalifunga.

Jioni, mkewe akikunja nguo, mwanamume alimsomea ujumbe huo.

"Mwambie basi," mkewe akasema.

"Nimwambieje?"

"Mama, usishone. Maneno mawili hayo, matatu ukitia tafadhali."

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

"Kwa kuwa ni mama yangu, simwambii. Biashara yako, mkwe wako." Akaendelea kukunja soksi.

Mwanamume akajikaza kisabuni. Kesho yake alinunua plastiki yenye mapovu, ile ya kufungia vitu vinavyovunjika, akaiweka mbele ya mama bila kusema neno, akitumaini itajieleza yenyewe. Mama aliibonyeza povu moja, likalia pa. Akabonyeza la pili. Kufikia mchana alikuwa amelimaliza bunda zima kwa furaha ya mtoto, kisha akatoa hukumu kwamba kitu hicho ni dhaifu mno, hakifai kusafiri.

Akajaribu kuzunguka mbuyu kwa njia nyingine. "Mama, wateja wanaisema sana mishono yako."

"Wanasemaje?"

"Wanasema hawajawahi kuona kitu kama hicho."

Uso wa mama ukang'aa. Tangu siku hiyo vifuko vikawa vitatu, kimoja ndani ya kingine, na mkwe akajilaumu kwa kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa wakati chupa yenyewe imejaa.

Hapo ndipo ikanunuliwa kastabini moja ya kaure yenye ndege wa buluu. Ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, ndege mwenyewe mdogo kama punje ya mchele, na kila unyoya wake unaonekana. Mnunuzi alikuwa bibi mmoja wa ng'ambo. Alilipa bila kubishana bei, kisha akaandika ombi moja: vidole vyake vina baridi yabisi, tafadhali kifurushi kiwe rahisi kufunguka. Mkwe alilisoma ombi lile mara mbili. Chumbani kwa mama, mlango ulikuwa umefungwa tangu asubuhi. Ulipofunguka, alikabidhiwa kitu cha ukubwa wa yai na ugumu wa jiwe.

"Hiki nimekitendea haki," mama akasema.

Mkwe akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda posta akiwa na wembe kwenye mfuko wa shati.

Posta palikuwa na foleni, feni inayolalamika, na kalamu iliyofungwa kwa kamba ili isiibwe. Dada wa kaunta alimfahamu. Vifurushi vyake alivibatiza jina la kokwa.

"Leo tena kokwa, kaka?"

"Nakuja," mkwe akajibu, akaketi kwenye benchi na kuanza kufumua.

Dada alimtazama weee. "Unafanya nini?"

"Nafungua."

"Si ndiyo kwanza unatuma?"

"Ndiyo."

Dada akawageukia watu wa foleni kama anayetafuta mashahidi. Mkwe hakuinua kichwa. Alikata mshono mmoja baada ya mwingine, akamaliza kifuko cha nje, akamaliza cha kati, magoti yake yamejaa vipande vya uzi, na alikuwa ameingiza ncha ya wembe kwenye kifuko cha mwisho aliposikia sauti nyuma yake.

"Baba, umesahau miwani yako."

Alikuwa mama mkwe. Mkono mmoja ameushika mgongo, mwingine umeshika miwani, na jasho likimtiririka, kwa kuwa alikuwa amekuja kwa miguu. Aliutazama wembe. Akautazama uzi magotini.

Uongo ulimjia mkwe upesi, tena uongo mzuri: kwamba watu wa ushuru wanataka kukagua. Lakini dada alikuwa ameegemea kaunta kwa viwiko viwili, akisubiri kusikia atasema nini. Mwanamume akapiga moyo konde.

"Mama, hawawezi kufungua."

Likishatoka hilo, mengine yakafuata yenyewe. Alisema habari za daktari wa meno, za makasi na kastabini ya fedha, za duka litakalofungwa, za bibi na vidole vyake. "Nilishindwa kukwambia," alimaliza. "Umenipa vitu vyako niuze, halafu nikufundishe na kushona? Niliona haya, Mama."

Mama akaketi kando yake. Alikichukua kifuko, akapapasa pale palipokatwa.

"Daktari wa meno?"

"Ndiyo, Mama."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Mkwe akadhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha kujishika mbavu, mpaka watu wa foleni nao wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Kicheko kikaisha, lakini machozi hayakuisha.

"Baba, mimi si mjinga," alisema akijifuta kwa ncha ya mtandio. "Najua mshono wa kufunguka na mshono wa kukaa. Nilitaka wahangaike kidogo. Huyu ndege nilimpata kwa kumshonea mtu gauni la harusi bure, na shela yake. Sasa mtu anabonyeza simu tu, analetewa mpaka mlangoni. Nikasema, angalau jasho limtoke."

"Kwa nini hukusema hutaki kuziuza?"

"Na wewe kwa nini hukusema hawawezi kufungua?"

Mkwe akaanza kuokota vipande vya uzi magotini.

"Nilikuwa nakuona pale sebuleni," mama akaendelea, sauti chini. "Unakunja gazeti, unalikunjua. Binti yangu akikaribia kurudi unavaa viatu, aone kama umetoka mahali. Nikasema, kopo halina kazi na kijana hana kazi, acha wakutane. Niliamua kwa akili. Moyo ndio ulionisaliti."

Miaka yote mkwe alidhani anamwogopa mama huyu, kumbe anampenda, tena sana, na amekuja kulijua hilo kwenye benchi la posta wembe ukiwa mkononi.

"Turudi na ndege wako nyumbani, Mama," alisema, na hakuwa anatania. "Bibi nitamrudishia hela. Duka lifungwe. Nitatafuta kazi nyingine."

"Kazi gani?"

"Yoyote."

Kidole gumba cha mama kikazunguka juu ya kitambaa, pale ndege alipokuwa. Mkwe alisubiri. Hata dada wa kaunta alisubiri, na foleni pamoja naye.

"Huyo bibi," mama akauliza, "alishawahi kushona?"

"Anasema alikuwa fundi. Aliacha vidole vilipokataa."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu. Akachomoa sindano kwenye kola ya gauni lake, na uzi wake umeizunguka. Kwa wembe wa mkwe akamalizia kukifumua kifuko cha mwisho. Hakutoa kastabini wala hakuichungulia. Akaanza upya, mishono mirefu iliyoshikana mmoja kwa mmoja kama ya gunia la mchele, na mwishoni akaacha mkia wa uzi unaoning'inia. Akauvuta kujaribu. Mdomo wote wa kifuko ukafunguka kwa mara moja, na mtu mmoja kwenye foleni akaguna. Akaushona tena.

Mkwe akakitia kifuko ndani ya boksi dogo, akaandika kadi ya kuambatisha, kwa Kiingereza: VUTA UZI HUU.

"Umeandika nini?" mama akauliza. Akamsomea.

"Ongeza: polepole."

Mkwe akaongeza, wakasogea kaunta. Dada akanyoosha mkono kupokea boksi, lakini mama alikuwa bado amelishika upande wa pili. Dada hakuvuta, wala hakuita mtu wa nyuma yao. Kisha mama akaachia, naye akagonga muhuri.