Nusu ya Kidonge

Mama mkwe alimpenda mkaza mwana wake kama wa kumzaa. Mwanamke huyo alishona sare za shule, mtaa mzima ukimwita Fundi, naye alikuwa na kifafa tangu utotoni. Kidonge asubuhi, kidonge jioni; miaka minne hajaanguka.

Mimba ilipofika miezi mitano, jirani alinong'ona kwamba dawa kali humlemaza mtoto tumboni. Muuguzi wa kliniki alishasema wazi dawa isiguswe. Lakini mama mkwe ndiye aliyemtengea Fundi chai na dawa, na huruma ikamzidi akili. Akaanza kukata vidonge kwa kisu cha vitunguu. Nusu kwenye kisahani, nusu akatupa.

"Mjukuu wako atazaliwa na futikamba mkononi," Fundi alimtania, akameza.

"Azaliwe hata na cherehani, mradi awe mzima."

Mwezi wa nane wa mimba Fundi alianguka kazini. Mshonaji mwenzake alimlaza ubavu, akamwekea sare zilizokunjwa chini ya kichwa. Hospitalini kifafa kilimwachia kidogo, kikamrudia, tena na tena.

"Dawa anameza kamili?" daktari aliuliza. "Lazima nijue, mama, ndipo nijue pa kuanzia."

Mwanawe, mumewe Fundi, alikuwa amesimama pale pale. Mama mkwe alimtazama, kisha akamgeukia daktari.

"Nusu," alisema. "Nimekuwa nikimpa nusu. Yeye hakuniomba."

Mwanawe alikwenda kukaa mwisho wa korido, akampa mgongo. Muuguzi wa wodi akamvutia mama mkwe kiti, akambonyeza bega, akakimbilia kwa mgonjwa.

Kifafa kilitulizwa. Mtoto, wa kike, alitolewa kwa upasuaji. Alipumua hadi adhuhuri.

Fundi alizinduka kesho yake.

"Mama, yuko wapi?"

"Ametutoka, mwanangu. Mimi ndiye niliyekukatia dawa."

Fundi alimgeuzia uso.

"Niliviona vile vipande tangu siku ya kwanza," alisema. "Ningekuambiaje, mama, nawe unanipenda hivyo? Nikajipa moyo kwamba nusu itatosha."

Mama mkwe alitamani atukanwe. Angepata pa kushika. Lakini Fundi alikuwa akipapasa shuka, akitafuta mkono wake.

"Alikuwa na nywele?"

"Nyingi."

"Nieleze yote."

Mama mkwe akaanzia utosini, polepole, maana ni yeye peke yake aliyempakata.