Sisimizi wa Ghorofa ya Nne

Wacera alikuwa mjane mwenye duka na mdomo, na vyote viwili vilifunguliwa alfajiri. Lakini siku Mwalimu Kigen, jirani yake mstaafu, alipomwomba wakae benchi moja kanisani Jumapili, mdomo ulifungwa kutwa nzima.

Kukaa benchi moja na mwanamume asiye ndugu yako ni kutangaza arusi. Wacera alimpenda Kigen, hilo alilijua kuliko bei ya sukari. Alichoogopa ni maneno ya watu, maana walikuwa wa makabila mawili.

"Wa kwetu wataongea, na wa kwenu wataongea," alimwambia jioni, akianua nguo juu ya paa la jengo walimopanga wote wawili, kila mmoja kwake. "Mtu akianguka umri huu, Mwalimu, anavunjika."

"Inategemea uzito." Kigen akamwonyesha sisimizi aliyetembea ukingoni. "Huyu nikimwangusha kutoka hapa, atafika chini aendelee na safari. Ni mwepesi, hewa inamshika."

"Wacha uongo. Ghorofa nne?"

"Akifika mzima, tunakaa benchi moja."

Wacera hakuwahi kukwepa ubishi. Akaleta rangi ya kucha kutoka dukani, wakamtia sisimizi doa jekundu mgongoni, Kigen akampuliza, naye akaenda na upepo.

Wakashuka, wakapiga magoti uani, watu wazima na mvi zao, wakipekua changarawe. Ndipo Linet, mtunza nyumba, akatokea na ndoo, akamkuta Mwalimu amepiga magoti mbele ya mjane. Hakuuliza kitu. Alipiga vigelegele mpaka madirisha yote yakafunguka.

"Hongera, Mama," wakaita majirani, wa kwao Wacera na wa kwao Kigen.

"Tulikuwa tumechoka kungoja," akaongeza mmoja wa ghorofa ya pili.

Wacera akainama, akangojea aibu imponde. Akangojea tena. Kilichokuja ni kicheko, akacheka mpaka akaketi chini na furaha ikamjaa kifuani.

Kigen, maskini, alikuwa bado anapekua. "Simwoni," akasema kwa unyonge. "Basi nimeshindwa."

Wacera alikuwa anamwona. Sisimizi alikuwa akipanda mkono wa koti la Kigen, doa lake jekundu mgongoni, na haraka zake zile zile.

"Jumapili uwahi," Wacera akamwambia. "Mimi hupenda benchi ya mbele."