Mwaka wa Kuzaliwa Meklit

Meklit alizikwa mwezi uliopita, hapa Addis Ababa, na sauti yake ilibaki ndani ya simu iliyofungwa kwa namba ya siri. Mama yake, Yeshimebet, aliipeleka kwa Dagim, fundi simu.

"Mama, umeshakosea mara tisa. Ukikosea tena, inafuta kila kitu."

"Nimeweka mwaka niliomzaa, 1990, mwezi wa Tir. Imekataa."

"Huo ni wa kalenda yetu. Si alifanya kazi na wageni? Labda aliweka wa kwao."

"Wageni wametutangulia miaka saba." Mama alitabasamu kidogo. "Yule naye alikuwa na haraka kama wao."

Akaandika 1997 kabla Dagim hajanyoosha mkono. Kioo kilizima, kikawaka cheupe, kikamkaribisha kama simu mpya na kumtaka achague lugha.

Dagim alihesabu kwa vidole chini ya meza. Tofauti ni miaka saba kuanzia Septemba, mwaka wao unapoanza, hadi Desemba tu. Januari ikiingia, huwa minane, na Tir huangukia Januari.

"Huenda alitumia namba nyingine kabisa, mama," alisema, akamrudishia simu kwa mikono miwili.